Chupa Iliyohamia Rafu ya Saba

Jumatatu, saa mbili na robo asubuhi, Fundi wa maabara alifungua chumba cha vielelezo, akavaa koti lake lililobaki na kifungo kimoja, akakuta chupa namba 212 imehama tena. Ijumaa aliiacha rafu ya tatu. Sasa ilikuwa rafu ya saba, imejibana katikati ya wenzake, na sakafuni kulikuwa na michirizi ya spiriti.

Ndani ya chupa alikuwamo jongoo bahari wa kina kirefu, aliyekufa miaka ishirini na mmoja iliyopita. Fundi akampa pole ya safari, akamrudisha.

"Kahama tena?" aliuliza mfagizi.

"Kahama."

"Ana haki yake, maskini," alisema mfagizi, akaendelea kufagia.

Haki alikuwa nayo kweli. Rafu ya tatu ni ya majongoo wenye mti wa pumzi, yaani mirija ya matawi matawi tumboni, ambayo mnyama huijaza maji kupitia nyuma, mahali ambapo watu wenye adabu hawapataji. Wasio na mti huo hukaa rafu ya saba. Mkurugenzi ndiye aliyemweka hapo, na alimwainisha kwa kumchungulia kupitia kioo kabla ya chai. Fundi alimpasua. Hakukuta mti wala tawi. Akaweka kipande cha ngozi chini ya hadubini, akaona vijifupa vya umbo la gurudumu, kila kimoja na spoki kumi na moja. Jongoo wa namna hiyo hakuwa kwenye kitabu chochote. Alikuwa spishi mpya.

Fundi akaandika ripoti ya kurasa kumi na nne. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa kibarua wa mkataba wa miezi mitatu mitatu, meza yake iko koridoni, jirani na choo. Kanuni ilisema anayegundua spishi huajiriwa moja kwa moja na kupewa nafasi chumba cha wataalamu. Chumba kile alikitaka mpaka akakiota, hasa dirisha lake.

Mkurugenzi aliweka kikombe juu ya ripoti. "Dada yangu, kazi yako ni kupasua. Kuainisha tuachie sisi."

"Lakini Mkuu, jongoo mwenyewe anahama."

"Anahama, sawa. Ana shahada?"

Hakuwa nayo. Majongoo bahari hawana hata ubongo, ingawa Fundi hakuona kama hilo limewahi kumzuia mtu pale ofisini.

Kamati ikakaa. Hakuna aliyebisha kwamba maiti anatembea. Ubishi ulikuwa nani asaini daftari la kumrudisha. Mwishowe wakaagiza kamba, chupa ikafungwa rafu ya tatu kwa mafundo mawili. Jumatano jongoo akatapika matumbo, kama wafanyavyo majongoo wakikerwa. Asubuhi yalikutwa juu ya meza ya Mkurugenzi, yamepangwa vizuri, na mti wa pumzi haumo.

Mkurugenzi aliyatazama muda mrefu. Mwezi uliofuata jarida likatoka na spishi mpya, spoki kumi na moja, kurasa kumi na nne. Mwandishi alikuwa Mkurugenzi, na spishi nayo akaipa jina lake. Mwishoni aliwashukuru wafanyakazi wa usafi. Mfagizi alifurahi sana, maana alikuwa hajawahi kushukuriwa.

Chupa ilihamishiwa rafu ya saba kwa barua rasmi. Jongoo akatulia tuli. Fundi alilia chooni, akanawa uso, akarudi koridoni roho inamuuma.

Jumatatu, saa mbili na robo, wataalamu walifungua chumba chao wakakuta kiti cha Fundi kiko dirishani, Fundi mwenyewe kakikalia, anachora vijifupa. Sakafuni kulikuwa na michirizi.

"Samahanini," alisema. "Hata sijui nimefikaje."

Wakamsukuma mpaka koridoni, kiti na mtu. Jumanne wakamkuta dirishani tena.

Mkurugenzi hakukasirika. Alimwita mfagizi.

"Ile kamba ya chupa bado ipo?"

"Ipo, Mkuu."

"Mafundo mawili yanatosha."

Mfagizi akaegemeza ufagio ukutani, akaenda kuileta.