Aliyempiga Risasi Ndiye Aliyemnywesha

Kaka yangu Kajekai alipigwa risasi akiwa amechuchumaa nyuma ya shamba la mihogo, shuka limekunjwa kiunoni. Angekuwa amesimama kama mwanamume, angekufa palepale. Marisau yaliyokusudiwa kifua yalimpita juu, mengine yakamkata chini ya goti. Nilimkuta anatambaa kwenye matope, mfupa umetokeza kama mpini wa kisu, anatukana ukoo mzima wa mtu ambaye hata hakumwona.

Nikamwambia, "Kaka, angalau ulikuwa umemaliza?"

Akanirushia bonge la tope, likanipata mdomoni. Hapo nikajua leo hafi.

Kufa kesho ilikuwa habari nyingine. Mguu ulivimba ukawa kama gogo lililolala mtoni, ukageuka rangi, ukaanza kunuka. Mkewe, Nantar, alifunga majani na kupuliza tumbaku, inzi wakashukuru. Tukamwita mganga wa kunyonya vishale vya wachawi. Akanywa natem, dawa yake ya kuonea uchawi, akaimba mpaka koo likamkauka, akaubonyeza mguu huku na huku, kisha akasema, "Humu hamna kishale cha uchawi. Humu mna risasi. Mimi sinyonyi risasi." Akaondoka na kuku wetu.

Mfupa uliovunjika vile hauwezi kuungwa mwenyewe akiwa na akili zake, atawauma wote. Lazima anyweshwe maikiua, ule mti wenye maua meupe yanayoning'inia kama watu walioona aibu. Ukinywa maji ya gome lake, akili inatoka nyumbani na kuacha mlango wazi. Mwili unabaki peke yake, na mwili ukibaki peke yake ni mwehu: unakimbia, unapigana, unajitupa mtoni. Ndiyo maana anahitajika kiongozi, mtu mwenye fimbo, anayejua kipimo kisizidi moyo ukasimama, anayejua pa kukushika na pa kukutandika. Katika mto wetu aliyejua kazi hiyo, na mifupa pia, alikuwa amebaki mmoja tu. Tsamaraint.

Tsamaraint ni kaka wa marehemu mume wangu, Wampash. Huyo Wampash alinipasua kichwa kwa panga kwa sababu nilimcheka mbele ya wageni. Ukipitisha vidole kwenye nywele zangu utadhani unapapasa shamba lililolimwa matuta. Mvua zilipokuja Kajekai alimvizia akioga, akamlipua mgongo. Sikulia sana. Lakini tangu siku ile damu ya Wampash ilikuwa mlangoni petu, na kila mtu alijua mkono gani ungekuja kuichukua.

"Wifi," Nantar aliniambia, "unakwenda kumwomba chui akulelee mtoto."

"Mtoto mwenyewe anaoza, wifi," nikajibu, nikavuka mto.

Tsamaraint nilimkuta kwenye kigoda chake, gobore magotini, anasuka kikapu. Hakuinuka. Alinisalimia kwa kufoka, kama ada ilivyo, akitema mate pembeni kila baada ya neno, nami nikamfokea vilevile mpaka heshima ikaisha.

"Haya, shemeji," akasema kwa sauti ya kawaida. "Kichwa chako kinaendeleaje?"

"Kinawasha mvua ikikaribia. Nani alimpiga kaka yangu?"

Hakuacha kusuka. "Mimi."

"Unasema hivihivi?"

"Nisemeje? Nililenga moyo. Ningejuaje kwamba mtu mzima, tena muuaji, atakunya asubuhi nzima?"

"Si ungemsubiri ainuke?"

"Mbu, shemeji. We acha tu."

Nikacheka. Sikutaka, lakini nilicheka, na kovu likanivuta. Kisha nikamwambia, "Anaoza. Anahitaji maikiua."

"Najua. Upepo ukigeuka namsikia hadi huku."

"Utakuja?"

"Nani mwingine anajua marisau yangu yaliingilia wapi?"

Nilimtazama sana. Watu wa mto huu hukana hata damu ikiwa bado inawatiririka viganjani, mkanaji ningemwelewa. Huyu anayekiri kama anayetaja chakula cha jana, ama hana hila, ama hila zake ziko chini mno, hata mwenyewe hazioni.

"Unataka nini?"

"Mambo mawili. Kwanza uje kwangu, kama ilivyokupasa tangu ndugu yangu afe, badala ya kukimbilia kwa kaka yako."

"Na la pili?"

"Kaka yako asiniue."

"Hilo la kwanza nitalifikiria. Nimeshapata mume anayependa panga."

"Mimi napenda gobore."

"Nimeona unavyolenga."

Alitabasamu kidogo, halafu akaweka kikapu chini. "Sikia, shemeji. Anayekunywa maikiua anaweza kukutana na arutam." Hakuhitaji kunieleza. Arutam ni mzimu wa wazee. Hukujia kama chui, kama radi, kama nyoka, na ukiwa na moyo wa kumgusa anakuingia kifuani. Tangu hapo risasi haikupati, na mkono unakuwasha mpaka umeua. Sharti lake ni moja: usimwambie mtu ulichokiona. Ukitamka tu, nguvu imetoka pamoja na neno. "Nikimnywesha," Tsamaraint akaendelea, "kaka yako atakuwa mikononi mwangu siku moja. Baada ya hapo mimi nitakuwa mikononi mwake maisha yangu yote. Sasa niambie, nani amwogope mwenzake?"

"Kwa nini basi unakubali?"

"Akifa, wajomba zako watakuja kwangu. Akipona kilema, atawatuma. Nimechoka kwenda haja kinyumenyume, shemeji, nikitazama msitu." Akachukua gobore lake. "Mguu wake kwa mgongo wa ndugu yangu. Mimi hapo nimeridhika."

Kajekai alipomwona anaingia, alirusha panga akiwa kitandani. Likapita sikio la Tsamaraint, likazama kwenye nguzo, likabaki linatetemeka.

"Karibu, shemeji," Kajekai akasema.

"Nimekaribia, shemeji. Mkono bado u mzima, naona."

"Umekuja kumalizia?"

"Ningetaka kumalizia ningebaki nyumbani. Huo mguu unanifanyia kazi bure."

Kajekai alikuwa anahema kwa homa. Kisha akaniita mimi, si mkewe, akanikabidhi gobore lake lililoshindiliwa tayari. "Mamatu, kaa naye. Nikifa, mlipue. Nikikaribia kufa, mlipue."

"Nitajuaje umekaribia?"

"Utajua."

"Kaka, sijawahi kupiga bunduki."

Tsamaraint mwenyewe ndiye aliyenifundisha. "Kitako kiwe begani, shemeji, kisiwe kifuani, utavunjika titi." Akaushika mdomo wa gobore, akauweka kwenye mbavu zake, chini ya chuchu ya kushoto. "Hapa. Ukipiga tumboni nitachelewa kufa, nitakuudhi."

Asubuhi alikwangua magome, akayakamua kwenye nusu kibuyu. Alimtazama Kajekai, akamwaga kidogo. Akamtazama tena, akarudisha matone.

"Mbona unamwaga? Mbona unarudisha?" nikamuuliza, gobore limeniuma bega.

"Amekonda. Lakini ni mkaidi."

Kajekai alikunywa, macho yake juu ya ukingo wa kibuyu, hayabanduki kwa Tsamaraint. Mboni zikatanuka mpaka weusi ukameza macho. Akaanza kuokota hewani vitu ambavyo sisi hatukuviona. Halafu akaanguka, mate yanamtoka.

Hapo kazi ikaanza. Tsamaraint alipasua nyama kwa kisu cha mwanzi, usaha ukaruka ukampata usoni, hakujipangusa. Alichokoa marisau yake moja moja na kuyatupa kwenye majivu. Kisha akamkanyaga kaka yangu kwenye kinena, akashika kifundo kwa mikono miwili, akavuta. Ule mlio ndio uliomtoa Nantar nje akitapika. Mimi nilibaki, kwa sababu mwenye bunduki hatapiki. Mfupa ukarudi ndani. Akaufunga kwa magome ya miti na kamba za porini, kuanzia pajani hadi kwenye vidole.

Tulidhani yamekwisha. Kajekai akafumbua macho, wala si sisi aliotuona. Akaruka. Kwa mguu uleule! Kichwa chake kikampiga Tsamaraint kidevuni, meno yake yakalikamata sikio, na alipogeuka nusu ya sikio ilikuwa mdomoni mwake. Akaangusha chungu cha pombe, akaichapa nguzo ngumi mpaka vidole vikachanika, akatoka mlangoni akirukaruka kuelekea mtoni. Tsamaraint nyuma yake na fimbo, anamtandika mabega, mikono, mgongo. Mapigo ya kweli, nilisikia yanavyolia. Wakatumbukia pamoja.

Nilipofika ukingoni, Tsamaraint alikuwa amemwekea magoti kifuani, kiwiko shingoni, na uso wa kaka yangu ulikuwa chini ya maji. Mapovu yalikuwa yanatoka.

"Piga!" Nantar akapiga kelele. "Anamzamisha! Mamatu, piga!"

Niliweka kitako begani kama nilivyofundishwa. Zile mbavu zilikuwa wazi mbele yangu. Tsamaraint aliniona. Alimwinua Kajekai, akamwacha avute pumzi moja, akamrudisha majini. Nani angeniambia kama ile ni dawa au ni kisasi? Mikono ni ileile. Kajekai alikuwa amekumbatia kitu kinene kuliko shina la mti, kitu ambacho hakikuwepo, anakizungusha, anauma hewa kila akiibuka, ananguruma bila neno hata moja. Akaachia ngumi, pua ya Tsamaraint ikapasuka, damu ikatapakaa majini. Ngumi nyingine, palepale.

Ndipo nikaona. Tsamaraint hakujikinga. Mkono mmoja ulikuwa unamkandamiza kaka yangu. Ule mwingine, ambao mtu yeyote angeutumia kuokoa pua yake, ulikuwa umeunyanyua ule mguu juu ya mawe, umeulaza begani kama unavyombeba mtoto aliyelala. Mkondo ulikuwa unawasukuma wote wawili, ngumi zinamshukia usoni, naye mguu haushushi.

Anayeua hana haja ya kutunza mguu.

Nilishusha gobore. Nantar alinipiga kofi la kisogoni, kwenye kovu, nikaona nyota. Nikamsukuma akae chini. Wakati huo Kajekai alikuwa amelegea, na Tsamaraint anamkokota kwenye mchanga, anatema jino.

Jua lilizama likachomoza, Kajekai bado amelala. Tsamaraint alikaa kando ya kitanda, uso umevimba kama papai lililopondeka. Kajekai alipozinduka, kwanza aliugusa mguu. Ulikuwa umepoa. Akachezesha vidole. Kisha akamgeukia Tsamaraint, akatabasamu, na lile tabasamu lilinifanya nisimame.

"Umeona nini, shemeji?" Tsamaraint akauliza.

"Sijaona kitu."

Sauti ilikuwa nzito, imejaa, si ya mgonjwa. Mkono wake ulikuwa unatambaa taratibu kuelekea gobore nililoliegemeza kitandani, na haukuwa na haraka, kama mkono wa mtu anayejua kwamba hatakufa. Nilikuwa nimepoteza siku mbili kumchunguza kiongozi kama anaaminika. Mgonjwa sikumchunguza.

"Hujaona kitu?" nikasema. "Na yule nyoka je?"

Mkono ukasimama. "Nyoka gani?"

"Si yule uliyemkumbatia mtoni! Ulituhadithia wote, kaka, kwa makelele, mpaka kasuku wakahama. Mnene hivi. Macho yake moto." Macho ya moto niliyaongeza mwenyewe, sijasikia arutam wa nyoka mwenye macho ya kawaida.

Uso ulimbadilika ukawa rangi ya majivu. "Mwongo wewe. Sikusema."

"Muulize Nantar."

Nantar, Mungu ambariki, hakuwa anajua chochote. Alitazama chini, na mtu anayetazama chini huonekana ameshasikia kila kitu. Kajekai akamgeukia Tsamaraint. "Nilisema?"

Tsamaraint alinitazama mimi. Kule mtoni, kila kaka yangu alipoibuka, kinywa chake kilikuwa karibu na sikio la Tsamaraint, lile sikio lililobaki. Alijua vizuri kuliko yeyote kwamba hakuna neno lililotoka, na kwamba nguvu bado ilikuwa palepale kifuani, nzima, inamsubiri.

"Ulisema," akajibu. "Hadi jina la babu yako ulilitaja."

Kajekai alipiga ukelele ambao sijausikia tena kwa mwanamume. Akanyakua kigoda, akanitupia. Kikanipata mdomoni na meno mawili yakaenda. Kisha akashika gobore, akalikoki.

Tsamaraint aliinuka. Alikusanya kisu chake cha mwanzi na fimbo yake, akaniaga kwa kichwa, akamgeuzia Kajekai mgongo. Hakuna mtu wa kwetu anayetoka nyumba ya adui akiwa amempa mgongo. Alitembea kwa mwendo wa mtu aliyeshiba, akapita mlango, akapita uwanja, na ule mgongo ulikuwa mpana, wazi, hauna hata shati. Mimi na yeye tu ndio tuliojua kwamba nguvu bado imo na risasi ile ingepiga; Kajekai aliamini imemtoka, na asiye nayo akiua, naye huuawa. Maisha yake yote yalikuwa yamening'inia kwenye uongo wa mwanamke ambaye hata hakumjibu kama atakuja kwake.

Mdomo wa gobore ulimfuata mpaka mtoni. Niliona kidole. Niliona jasho likishuka kwenye kidole.

Maji yalisikika, mtu anavuka. Kajekai akashusha bunduki, akalaza kichwa ukutani.

"Nipe mihogo," akasema.

Nikampa. Kisha nikalisogeza gobore mbali naye.