Amita ya Meza ya Nne

Mjomba wangu ni mdogo kwangu kwa miaka miwili. Bibi alimzaa huyu kitindamimba wakati binti yake mkubwa, mama yangu, tayari ana mtoto anayetembea, na mtoto huyo ni mimi. Chuoni tulikuwa kichekesho. Nikimwita "Mjomba," darasa zima linacheka, naye anaitikia kwa sauti nzito ya kizee, "Sema, mpwa wangu," huku anapapasa ndevu ambazo hana.

Sote tulikuwa mwaka wa kwanza, yeye kwa mara ya kwanza, mimi kwa mara ya pili. Maabara ya fizikia ndiyo iliyoniangusha, na sheria ya chuo iko wazi: ukianguka maabara mara mbili, unafungasha virago. Nyumbani walishatugawia kazi zamani. Yeye ni kichwa, mimi ni mdomo. Kitu kikivunjika, wananiangalia mimi.

Mtihani wa vitendo hufanyika hivi: meza zimezunguka chumba, kila meza na jaribio lake. Kengele ikilia unaweka karatasi yako kwenye trei, unaacha vifaa kama vilivyo, unasogea meza inayofuata. Hakuna kusemezana. Mjomba alikuwa meza moja mbele yangu, kwa hiyo kila alichokishika yeye, mimi ndiye niliyekirithi.

Meza ya nne ilikuwa ya umeme: betri, rezista ya kupunguza mkondo, amita ya kuupima, karatasi ya grafu. Amita ina adabu zake. Unaifunga ndani ya njia ya umeme, mkondo upite humo pamoja na rezista. Ukiipeleka moja kwa moja kwenye betri, fyuzi yake inakufa papo hapo. Tumeimbiwa hilo tangu wiki ya kwanza, na anayeunguza anapoteza alama zote za meza.

Nilikuta waya zimefungwa vizuri mno, kama nywele za mtoto anayepelekwa kupigwa picha. Nikawasha swichi. Sindano ya amita ililala. Nikakaza skrubu, nikabadilisha waya, nikageuza betri. Sindano haikujali. Nilipoinama karibu, nikanusa harufu nyembamba ya kuungua.

Nikamtazama Mjomba. Alikuwa meza ya tano, amenipa mgongo, anapima uzito wa kipande cha chuma. Shingo yake ilikuwa inavuja jasho, na chumba kile kilikuwa baridi.

Nikanyoosha mkono. Fundi wa maabara alikuja, akachomoa fyuzi, akainyanyua kwenye mwanga wa dirisha. Kioo chake kilikuwa cheusi ndani.

"Umeiunguza, kaka."

"Nimeikuta hivi!"

"Wote huwa wanaikuta hivi."

"Basi angalia waya nilivyozikuta! Angalia..."

"Waya umeshazifungua mwenyewe."

Ni kweli. Nilikuwa nimezifungua.

Sauti yangu ilimleta mhadhiri. Ni mtu mpole, na upole wake ndio ulionimaliza. Hakunifokea. Alichukua karatasi ya Mjomba kutoka kwenye trei, akaitandaza mbele yangu.

"Huyu aliyekutangulia amepata vipimo vyote. Angepimaje kwa amita iliyokufa?"

Nikaitazama ile grafu. Nukta zote zilikuwa juu ya mstari, zimepanga foleni kama askari, hakuna hata moja iliyopinda. Katika maabara ile, ambako betri ni chovu na waya ni za zamani kuliko sisi, hakuna aliyewahi kupata mstari wa namna hiyo. Thamani ya rezista imeandikwa ubavuni mwake. Mtu anaweza kukaa, akagawanya volti kwa thamani hiyo, akaandika mkondo wote bila kuwasha chochote.

"Dokta, hii imepikwa! Tazama, hakuna nukta iliyokosea!"

Akanitazama kwa huruma. "Kijana, mtu akifanya kazi vizuri, unamwita mwongo?"

Kisha akageuka. "Wewe, wa meza ya tano. Ulipoondoka hapa, amita ilikuwa inafanya kazi?"

Nilimwomba kwa macho. Mimi, nisiyemwomba mtu. Mjomba aliinua uso, akanitazama kidogo, akaangalia mizani yake.

"Ndiyo, Dokta."

Fundi aliweka fyuzi mpya. Akawasha swichi, na sindano ikapanda taratibu, nzuri, tiifu. Kengele ikalia hapo hapo. Binti aliyekuwa nyuma yangu akakaa kwenye kiti changu kikiwa bado na joto, mimi nikasogezwa mbele na karatasi tupu. Meza tatu za mwanzo zilikuwa zimenienda vibaya; bila meza ya nne, hata ningepata kila kitu kilichobaki, alama hazingefika. Meza ya tano niliifanya bila kukosea. Sijui kwa nini.

Mjomba alinisubiri nje, penye ngazi.

"Mkono uliteleza," alisema. "Waya wa amita ukagusa betri. Nilidhani wewe utajua la kufanya."

"La kufanya lilikuwa kusema ndiyo, nimeunguza. Wewe ungepoteza meza moja tu. Ungepita!"

"Najua."

"Twende sasa hivi ukamwambie."

"Nimeshamjibu, mpwa wangu. Nikimwambia leo nilidanganya kwenye mtihani, watanifukuza na mimi. Bibi yako atafukuziwa wawili?"

Nilimkamata ukosi wa shati. Watu wakasimama kutazama, na nikaona wanavyotuona: aliyeanguka anamkaba aliyepita. Nikamwachia.

Simu yangu ikalia. Mama.

"Mwanangu, mmemaliza? Bibi yako hapa hakai chini. Imekwendaje?"

Ningesema nini ambacho nyumba ile ingeamini? "Ongea na Mjomba," nikasema, nikampa simu.

Akaiweka sikioni. Nilisikia mama anasema haloo, haloo, mdogo wangu, mbona kimya? Mjomba alifungua mdomo na ile sauti ya kizee haikutoka, wala yake mwenyewe haikutoka. Mama akaendelea kuita mpaka simu ikakatika, na sote wawili tukabaki tunaiangalia mkononi mwake.