Chapati za Pam

Pam alitoka upande wa ziwa akapata kazi ya kushona nguo sokoni Magwagwa, katika chumba kimoja na mafundi wenzake, Phanice na mzee Mogaka. Siku moja alibeba mkebe wa omena wa kukaanga, dagaa wa ziwani aliowapenda kuliko nyama. Alipotoka nje kidogo kumpima mteja, Phanice aliuchukua mkebe huo akawamwagia mbwa omena wote.

“Harufu hiyo ingeingia kwenye nguo za watu,” Phanice alimwambia aliporudi, huku akicheka.

Pam alishinda njaa siku hiyo, ameinamia cherehani.

Jumatatu alikuja na chapati laini na ndengu za nazi. Alijua vizuri kwamba Phanice hupenda chapati kupita kiasi. Akampa mzee Mogaka mbili, akampa moja mteja aliyekuwa akisubiri suruali, zilizobaki akala mwenyewe polepole. Wiki mbili nzima alifanya hivyo kila mchana, huku Phanice akitafuna ndizi zake za kuchemsha na kumeza mate.

Hatimaye Phanice alishindwa.

“Pam, dada yangu, nisamehe. Nilikukosea kwa wale omena.”

“Nimesikia.”

“Basi nionjeshe hata kipande.”

“Kukusamehe nimekusamehe. Lakini chapati sikupi.”

Mzee Mogaka alitazama sakafu. Pam alikunja chapati ya mwisho, akaichovya kwenye mchuzi, akaila yote mbele ya Phanice. Ilikuwa imeshapoa, lakini hakuwahi kula chapati tamu kama hiyo.