Saa ya Baruti na Goti la Bi Mwaisha

Saa sita na nusu mchana Bi Mwaisha aliketi kwenye kiti cha plastiki barazani, mgongo ukutani, mguu wa kulia umevikwa soksi ya mpira, akaanza kuuburuza unyayo nyuma taratibu juu ya saruji iliyonyunyiziwa poda ya mtoto ili iteleze. Mbele yake alichuchumaa Januari, mpangaji wake wa chumba cha uani, ambaye ni mtaalamu wa mazoezi ya viungo katika hospitali ya wilaya. Katika mtaa mzima wa Mwabusolo yeye ndiye mpangaji pekee mwenye ruhusa ya kumliza mwenye nyumba.

"Vuta, mama. Bado kidogo."

"Hicho kidogo chako kimeshazaa, Januari. Sasa hivi kina wajukuu."

"Vuta tu."

Bi Mwaisha alivuta, akasonya, akavuta tena. Januari akaweka kipimapembe chake pembeni mwa goti, akasoma, akakirudisha mfukoni bila kusema kitu. Siku goti linapofanya vizuri husema. Kwa hiyo Bi Mwaisha alielewa.

Goti la zamani lilikuwa limekwisha kihalali. Ujanani liliponda mawe ya dhahabu kwenye machimbo ya wachimbaji wadogo, na baada ya hapo likakaa miaka mingi kwenye kigoda mbele ya jiko la mkaa, likipika vitumbua. Mwanawe Raudha ndiye aliyempeleka Mwanza akabadilishiwa. Goti jipya ni la chuma na plastiki, kidonda kilifunga vizuri, na picha zilionyesha kila kitu kimekaa mahali pake. Ila halikunjiki. Lilikuwa na kiburi cha kitu kilichotoka dukani.

Matokeo yake Bi Mwaisha alikuwa akisali kwenye kiti kama abiria na akipika vitumbua amesimama. Jirani yake Sesilia, mjane wa Kisukuma mwenye ulimi usiolala, alisema vitumbua vya siku hizi vinapikwa kutoka angani, ndiyo maana vinafika chini vimeungua. Hayo Bi Mwaisha aliyavumilia. Asichoweza kukivumilia ni maneno ya daktari wa Mwanza: akirudi kliniki mwisho wa mwezi goti likiwa halijafika nyuzi tisini, atalazwa usingizi wa dawa, na wakati hajui hili wala lile, watalikunja kwa nguvu.

"Watanikunja mimi," aliwaambia wateja wake. "Mimi ni shuka?"

Siku hiyo, Januari akiwa bado amechuchumaa, king'ora cha mgodi kikalia. Hakuna aliyegeuza kichwa. Kila siku ya kazi, saa saba, mgodi mkubwa ng'ambo ya kilima hupiga baruti. Vikombe hugongana kabatini, kuku hunyamaza kidogo, bati hutikisika na kutulia, kisha watu huendelea na sentensi walipoiachia. Mgodi ulipopiga, ufa uliokuwa kwenye kona ya dirisha la Bi Mwaisha ulishuka shibiri moja hadi karibu na bega lake, na goti likakunjika lenyewe, kimyakimya, kama mlango uliotiwa mafuta.

Halikuuma. Januari alitoa kipimapembe.

"Umeongeza nyuzi tano," alisema.

"Sijaongeza mimi."

"Basi zimeongezeka."

Wakanywa chai.

Kesho yake ufa ulishuka tena, na goti likaongeza tena. Jumapili mgodi haukupiga. Bi Mwaisha alivuta unyayo mpaka jasho likamtoka puani, na goti halikusogea hata kwa heshima ya mgeni. Jumatatu walijaribu kumkalisha katikati ya uwanja, mbali na nyumba. Baruti ikalia, goti likabaki vilevile. Wakamrudisha ukutani. Kufika Alhamisi Januari aliacha kupima goti akawa anapima ufa, kwa kuwa majibu yalikuwa yaleyale na ufa haukuwa na tabia ya kumsonya.

Habari haikukaa. Mtu wa kwanza kuja na mto wake wa kukalia alikuwa Mzee Gulamali, mwenye duka la vifaa vya ujenzi barabarani, mtu mnene wa kucheka kwa tumbo, ambaye magoti yake yalikuwa yamegoma tangu alipoacha kupanda ngazi za stoo yake. Alifika saa saba kasoro, akaomba nafasi ukutani, akaegemea. Mgodi ukapiga. Magoti yake mawili yakakunjika, na upande wake wa ukuta ukapasuka kutoka kwenye lenta hadi sakafuni.

"Alhamdulillahi," alisema Mzee Gulamali, akiyapapasa.

"Ufa wako huo," Bi Mwaisha alimwambia. "Utauziba wewe."

"Saruji ninayo, Mama Raudha. Kwako nitapunguza."

"Unavunja mwenyewe halafu unaniuzia cha kuzibia. Wewe biashara uliinyonya kwenye ziwa."

Mzee Gulamali alicheka mpaka bati likatikisika mara ya pili.

Baada yake walikuja wengine: dereva wa lori mstaafu, kipa wa zamani wa timu ya kata, bibi mmoja kutoka kijiji cha Samuye aliyeletwa kwa baiskeli na mikoba yake. Nyumba za majirani nazo zilikuwa na nyufa, kwa hiyo kila nyumba ilipata magoti yake. Saa saba mchana Mwabusolo nzima iliketi imeegemea kuta, miguu mbele, ikisubiri. Walioazima kiti walirudisha na samaki. Ilikuwa, kusema kweli, saa nzuri ya siku. Watu walitaniana, Sesilia aliuza karanga, na king'ora kilipolia wote walinyamaza kwa adabu kama wanaopigwa picha.

Nyufa zile zilikuwa na historia yake. Kwa miaka Mwabusolo iliulalamikia mgodi kwamba baruti zinapasua nyumba, na kwa miaka mgodi ulijibu kwamba mtikisiko wa baruti unaishia kwenye uzio. Uzio wenyewe ni wa waya. Kuhusu nyufa, mgodi ulieleza kwamba eneo lina udongo mweusi wa mbuga, unaovimba masika na kusinyaa kiangazi, na nyumba iliyojengwa juu yake lazima ipasuke. Lililokuwa halijaelezwa ni kwa nini udongo huo husinyaa saa saba mchana, na Jumapili hupumzika.

Ufa wa Bi Mwaisha sasa ulikuwa umefika sakafuni na kuanza kutanuka. Usiku aliweza kuona taa ya Sesilia kupitia ukutani, na Sesilia aliweza kumsikia akikohoa akamwambia pole. Goti lilikuwa limebakiza kidogo tu, na kliniki ilikuwa wiki inayofuata. Baada ya swala, Bi Mwaisha akiwa bado kwenye kiti, aliomba dua mbili: ya kwanza mgodi upige, ya pili usipige. Aliona ni busara kuziomba kwa sauti ileile ili isionekane anapendelea.

Sesilia alimsikia kupitia ufa, akamsalimia kwa Kisukuma.

"Ng'wadila mayu."

"Mhola duhu," Bi Mwaisha alijibu, yaani salama tu.

"Mama Raudha, chagua. Goti au nyumba?"

"Kwa nini nichague mimi? Mwenye baruti ndiye achague."

"Mwenye baruti anasema hakufika hapa."

Bi Mwaisha alilipapasa goti lake.

"Goti si limefikiwa?" alisema. "Basi na aje alione. Goti halivimbi masika."

Asubuhi alimpigia simu afisa mahusiano wa mgodi, kijana aitwaye Donatus, mpole, mwenye koti la kung'aa na salamu nyingi. Donatus alikuja siku hiyohiyo. Aliwaamkia wazee wote shikamoo, mmoja mmoja, akaweka chini kisanduku cha kupimia mtikisiko, akakiwasha. Januari alimwonyesha kipimapembe, akapima goti mbele yake, akasoma kwa sauti ili wote wasikie. Bi Mwaisha aliegemeza mgongo ukutani.

"Mwanangu, nawe egemea," alisema. "Usisimame kama mtu anayedai."

Donatus aliegemea. Yeye mwenyewe alikuwa na goti lililoumia kwenye bonanza la michezo la wafanyakazi, na kwa mwaka mzima alikuwa akishuka kwenye gari kwa kutanguliza mguu kama anayepima maji.

King'ora kililia. Mgodi ukapiga. Kisanduku kikaandika sifuri. Goti la Bi Mwaisha likakunjika mpaka tisini na kupita kidogo, na goti la Donatus likakunjika pia, akabaki analitazama kwa upole.

"Hili haliwezi kukanushwa," alisema.

Baraza zima lilishusha pumzi. Mzee Gulamali alimpiga bega. Sesilia alimpa karanga bure, na hilo halijawahi kutokea kwa mtu yeyote.

"Kwa hiyo mtikisiko umefika hapa," alisema Bi Mwaisha.

"Umefika, mama. Nimeuona kwa macho yangu."

"Umefika kwenye goti."

"Kwenye goti, ndiyo."

"Na goti lilikuwa limeegemea ukuta."

"Lilikuwa limeegemea. Kwa kupitia mgongo."

"Basi na ukuta umefikiwa."

Donatus aliutazama ufa. Ulikuwa unapitisha kiganja kizima. Akainama, jambo aliloweza sasa, akachota udongo kidogo chini ya msingi, akausugua kwenye vidole.

"Ukuta ni udongo, mama," alisema kwa huruma ya kweli. "Unaona ulivyo mweusi?"

Kabla ya kuondoka alisogea pembeni akapiga simu, na kwa jinsi alivyokuwa akicheka, walijua anatoa habari njema.

Kliniki ya Mwanza ilikwenda vizuri. Daktari alilikunja goti, akalinyoosha, akalikunja tena, akauliza ni mazoezi gani. Bi Mwaisha akamwambia ya kuegemea. Daktari akasema aendelee nayo hayohayo. Hakuna aliyelazwa, hakuna aliyekunjwa. Jioni aliporudi nyumbani alitandika mswala, akashuka chini, akaweka paji la uso sakafuni, akakaa hapo muda mrefu kuliko sala inavyotaka. Sesilia aliyekuwa akimwona kupitia ufa alinyamaza mpaka alipotoa salamu, kisha akamwambia hongera, na kwamba kesho vitumbua vipikwe na mtu wa duniani.

Juma lililofuata mgodi ulileta mafundi. Watu walitoka nje kuwapokea, wengine wakiwa wameshahamisha vitanda ili kuta ziweze kuzibwa. Mafundi walishusha mabenchi. Mazuri, ya mbao ngumu, yaliyopakwa vanishi. Waliyapanga kando ya ukuta wa Bi Mwaisha, kisha wakasimika kibao cha bati chenye maandishi ya kijani: KITUO CHA JAMII CHA MAZOEZI YA VIUNGO KWA MTIKISIKO. Chini yake, kwa herufi ndogo: Mchango wa Mgodi kwa Majirani zake.

"Wamekiri," alisema Mzee Gulamali, akikisoma kibao mara ya pili.

"Wamekiri goti," alisema Bi Mwaisha.

Siku ya uzinduzi kulikuwa na maturubai, maji ya chupa, na ngoma. Viongozi waliketi mbele, wenye magoti waliketi kwenye mabenchi. Donatus aliruka jukwaani bila kushika popote, na watu wakampigia makofi kwa sababu wote walikuwa wakimjua alivyokuwa akichechemea. Mgeni rasmi, mzee wa makamo aliyetembelea fimbo, alipewa nafasi ya katikati ukutani. Alisema huu ni mfano wa ujirani mwema, kwamba ni mara chache maendeleo yanamfikia mwananchi mpaka kwenye kiungo. Alikuwa hajamaliza king'ora kikalia.

Kwa ajili ya wageni mgodi ulikuwa umeongeza baruti kidogo. Magoti yote yalikunjika kwa pamoja, safu nzima, kama gwaride. Fimbo ya mgeni rasmi ilianguka yenyewe. Ukuta wa Bi Mwaisha nao ukaanguka. Ulianguka ndani, upande wa chumbani, mbali na wageni, na ulifanya hivyo polepole, kuanzia lenta kushuka chini, mpaka kitanda, kabati na picha ya marehemu mumewe vikaonekana na watu wote waliokuja na wasiokuja. Vumbi lilipotulia, makofi yalikuwa bado yanaendelea, na mgeni rasmi akamalizia hotuba yake, kwani ilibaki aya moja.

Donatus alishuka jukwaani, akamwendea Bi Mwaisha, akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Pole sana, mama," alisema. "Udongo huu."

"Nimepoa, mwanangu."

Mzee Gulamali alikuwa ameshaanza kuhesabu mifuko kwa macho, akaona aibu, akaacha. Sesilia alivua kanga ya juu akaitandaza kitandani kuzuia vumbi. Bi Mwaisha alijifunga kibwebwe, akavuka pale palipokuwa na ukuta, akachuchumaa. Alikwenda chini moja kwa moja, bila kushika kitu, mpaka makalio yakakaribia visigino, kama alivyokuwa akichuchumaa alipokuwa msichana kwenye machimbo. Aliokota tofali la kwanza, akalipulizia vumbi, akaliweka pembeni. Akaokota la pili. Nyuma yake ngoma zilianza upya, na watu waliokuwa na magoti mapya wakaingia kucheza.

Januari alisimama juu ya kifusi akimwangalia anavyofanya kazi.

"Usipinde mgongo, mama," alisema. "Tumia goti."

Bi Mwaisha akatumia goti.