Madirisha ya Shangazi Ragnhild

Jumamosi asubuhi Preben alipanda darini kumwaga ndoo kwa mara ya mwisho. Ilikuwa imekaa miaka mingi chini ya dirisha la paa, ikikinga mvua iliyopenya kwenye fremu. Fundi Ejnar alikuwa ameshatoa vigae vya pembeni, na alipoingiza tindo kwenye mbao, zikameguka kama mkate mweusi wa juzi.

"Hapa alikuwa analala mtu?" Ejnar aliuliza.

"Shangazi yangu. Hakuwa mtu wa kulalamika."

Shangazi Ragnhild, dada wa baba yake, ndiye aliyemlea Preben baada ya mama yake kufariki. Nyumba ile ya mjini Svendborg ilikuwa yake mpaka Preben alipooa. Akawaachia maharusi, yeye akahamia darini. Alilala na kofia ya sufu. Kila majani yalipoanza kupukutika aliuliza madirisha yatabadilishwa lini, na Preben alimjibu kwamba wanapanga. Februari kifua kilimbana, akafa, chembe za theluji zikiwa zimeingia mpaka kwenye mto wake. Sasa Lisbet, mkewe Preben, alitaka kupangisha chumba kwa wageni wa kiangazi, na wageni hawapendi kulowa.

Kufika adhuhuri dirisha la kwanza lilikuwa limekaa. La pili lilikuwa bado tundu, mbingu tupu juu yake. Shangazi Ragnhild akaingilia hapo, mguu mmoja kwanza, amevaa koti alilozikwa nalo.

"Pitia huku, mama," Ejnar alimwambia. "Hapo gundi haijakauka."

"Nilisikia nyundo," shangazi alisema. "Nikasema, haya, wameanza."

Preben alimshika mkono asijikwae. "Tulikuwa tunapanga, shangazi."

"Najua. Mlipanga sana."

Hakusema kwa ubaya. Aliketi chini ya kioo kipya, jua la Aprili likamwangukia mapajani. Lisbet akaja na kahawa, akamwona, akashuka kuongeza kikombe.

Tangu siku hiyo shangazi hakutoka pale. Hakula wala hakulala. Aliota jua tu, na jua lilipohamia dirisha la pili, naye alihamia. Rangi ikamrudi mashavuni. Ukimgusa bega ungedhani umegusa birika, na Lisbet akawa anaweka unga wa mkate karibu naye uumuke. Jirani mmoja alipanda kumsalimu, akasema marehemu amependeza kuliko alivyokuwa hai, kisha akauliza fundi anapatikana wapi.

Mwezi Juni wakapatikana wageni, mtu na mkewe kutoka Hamburg.

"Hatuwezi kupangisha chumba chenye maiti," Lisbet alisema huku akipaka siagi.

"Si maiti, ni shangazi."

"Haya, ni shangazi. Basi kamwambie wewe, ni wa kwenu."

Preben akapanda. Akasifu kioo, akakifungua, akakifunga, akakifungua tena.

"Sema, mwanangu," shangazi alisema. "Tangu utotoni ukiwa na neno hushika vitasa."

"Kuna wageni wanakuja, shangazi. Kiangazi hiki tu."

"Na kiangazi kikiisha?"

"Lisbet anasema hata wakati wa baridi watu huja, chumba kikiwa hakivuji."

Shangazi aliinua macho akatazama wingu likipita. "Ni madirisha mazuri," alisema. Kisha akanyoosha mikono abebwe, maana ngazi zilikuwa nyembamba.

Preben akambeba mgongoni. Alikuwa mwepesi, lakini wa moto, jasho likamtiririka.

"Taratibu, usinikwaruze ukutani," shangazi alisema. "Mmepaka rangi juzi tu."

Kila waliposhuka ngazi moja alizidi kupoa. Walipofika stoo ya chini, penye baiskeli na viazi, mikono iliyomzunguka Preben shingoni ilikuwa baridi kama vijiko. Akamkalisha kwenye kiti cha bustani, akamtandikia blanketi magotini.

"Huku nako kuna kidirisha," Preben alisema. Kilikuwa usawa wa ardhi, kioo chake kimepasuka, na upepo ulikuwa unasukuma majani makavu yaingie ndani.

"Nimekiona."

"Utakuwa sawa, shangazi?"

"Kufa nimeshakufa. Nenda, wanagonga."

Preben akapanda kuwafungulia. Wageni walipelekwa darini, wakaonyeshwa namna ya kufungua madirisha. Yule mama wa Hamburg akajilaza kitandani, akafumba macho.

"Chumba kizuri hivi," alisema, "mmewezaje kuwaachia watu baki?"

"Sisi ni watu wa kutosheka na kidogo," Lisbet alijibu, akamwekea mumewe mkono mgongoni. Aliuondoa upesi. "Mbona unaungua hivi? Una homa?"

"Sina."

Hakuwa na homa. Lilikuwa ni joto la shangazi Ragnhild, nalo halikumtoka. Lilimkaa mgongoni kiangazi kizima, likapita majira ya majani kupukutika, na baridi kali ilipoingia Lisbet alikuwa akimkumbatia kutoka nyuma usiku kucha. Aliwaambia majirani kwamba tangu aolewe hajawahi kulala usingizi mtamu kama huo.