Watu Hamsini wa Siti

Mzee Abdulmajid akishasema, kasema. Jumatatu alisema mlango wa duka la Siti, hapa Kariakoo, atampa Mudi muuza makava ya simu, kwa sababu duka halina watu na mlango usiopitwa ni hasara tupu. Siti na vifungo vyake na zipu zake warudi Magomeni, wakauziane chumbani. Jengo ni la mzee, tena ni baba mkubwa wa Siti, sasa ubishi wa nini?

Lakini Siti alibisha. Miaka minane kalilea duka lile, halafu atolewe hivi hivi?

"Baba mkubwa, watu ninao. Wako kwenye tovuti."

"Tovuti ndiyo wapi?"

Akamgeuzia kompyuta. Kwenye kona palikuwa na kijidirisha kinachohesabu watu waliomo ndani ya tovuti saa hiyo. Waliomo: mmoja. Na huyo mmoja, Mungu anisamehe, alikuwa Siti mwenyewe, kupitia simu yake.

"Asubuhi hii, hawajaamka," akasema bila haya.

Mzee akafikiri. "Alhamisi nakuja. Nione watu hamsini, na wasipungue mpaka adhana ya adhuhuri. Wakitimia, duka lako."

Hamsini! Siti akakimbilia kwa Tarsis, mpiga debe wa stendi. Kazi ya Tarsis inajulikana: basi likiwa tupu anawajaza vijana wake wakae kama abiria, maana Mbongo hapandi gari tupu hata umwambie linaenda peponi. Abiria wa kweli akija, kijana mmoja anashuka kimya kimya, anampisha kiti.

"Dada, gari ni gari," Tarsis akasema alipoelezwa. "Lako tutalijaza."

Alhamisi saa nne, vijana hamsini walikuwa wameketi ng'ambo ya mtaa, kila mtu na simu yake, wote ndani ya tovuti, wametulia kama wako msibani. Mzee akaja, akaamkiwa, akaketi kwenye stuli palepale mlangoni, miwani puani, macho kwenye kompyuta. Hamsini.

"Mashallah," akasema.

Saa sita akatokea Bi Swaumu, fundi wa Buguruni, anashona sare za shule tatu. Alitaka vifungo vyeupe dazeni mia mbili. Dazeni mia mbili, jamani! Siti hajauza hivyo tangu Idi. Lakini Bi Swaumu alipokanyaga tu kizingiti, Tarsis kule ng'ambo akamgonga kijana mmoja begani: abiria kaja, shuka. Kijana akafunga simu yake. Arobaini na tisa.

"Katoka mmoja!" mzee akapiga kelele.

Bi Swaumu akarudi nje kumwita bintiye. Kijana akapandishwa tena, hamsini. Bi Swaumu akaingia na binti, wakashuka vijana wawili, arobaini na nane. Siti akampungia Tarsis mkono kumzuia, Tarsis naye akampungia, akidhani anasifiwa.

Mzee hakuwa mjinga. Akanyanyuka, akaweka mkongojo mlangoni.

"Mama, samahani, tokeni kidogo. Mkiingia nyie, watu wanatoka."

"Watu gani, mzee? Humu hamna mtu!"

"Wamo hamsini. Tokeni tuwaone."

Bi Swaumu akamgeukia Siti. Siti akatazama saa. Zimebaki dakika kumi na tano adhana iite. Roho ikamuuma, wallahi ilimuuma, lakini akasema, "Bi Swaumu, njoo kesho."

"Kesho? Vifungo si hivyo nyuma yako, naviona!"

"Vipo. Ila kesho, tafadhali."

Bi Swaumu akasonya msonyo wa kutoka utosini, akamshika bintiye mkono, akaingia duka la jirani, la Mansukhlal. Siti alisikia maboksi yanashushwa huko.

Hamsini. Hamsini. Adhana ikaita, hamsini! Siti akapiga vigelegele peke yake.

"Nilikudharau bure, mwanangu, nisamehe," mzee akasema. "Duka lako." Kisha akatoa simu. "Mudi, njoo na futi, uupime mlango."

"Baba mkubwa! Si umesema duka langu?"

"Lako. Nampa mlango tu. Nimekaa hapa tangu saa nne. Watu hamsini wamo dukani mwako, na hakuna hata mmoja aliyepita mlangoni. Aliyepita ni yule mama, na umemfukuza mwenyewe. Sasa mlango unaufanyia nini?"

Siti akafungua mdomo aseme wale ni vijana wa Tarsis. Akaona mtego. Akisema, hana watu, na asiye na watu mlango ananyang'anywa. Asiposema, watu anao, na mwenye watu wa namna ile mlango haumhusu. Machozi yakamtoka, ya hasira, maana ubishi wote huu kauanzisha yeye.

Mudi alikuwa kijana wa adabu. Akapima juu, akapima chini, halafu akaona haya.

"Mzee, mimi nikipanga meza yangu hapa, hata paka hapenyi. Dada Siti mwenyewe atapita wapi?"

Mzee akamshangaa.

"Si atapita huko huko wanakopita wenzake."