Vipande Vitano vya Mwantumu

Moto ule ulianza saa nane mchana, na aliyeuwasha ni Seleman. Alikuwa amefyeka nusu ya shamba lake la mikorosho, akakusanya majani makavu marundo matatu na kuyatia kiberiti bila kutazama upepo unavuma kwenda wapi. Rundo la tatu lilimshinda. Aliupiga moto kwa matawi mabichi mpaka nyusi zikaungua, lakini ulivuka njia ya miguu na kuingia kwenye malisho ya mdogo wake, Mwantumu.

Pale Narung'ombe, kijiji cha watu wa korosho na ufuta, Mwantumu alikuwa na ng'ombe saba alioachiwa na marehemu mumewe. Shamba lake lililochoshwa na ufuta alikuwa amelikata vipande kumi na vinne kwa kamba za katani na matawi ya miiba. Ng'ombe walikaa kipande kimoja siku tatu, kisha akawahamisha, na walipotoka hapakanyagwi tena mpaka nyasi zirudi. Mwaka wa kwanza Seleman alimcheka. Mwaka wa nne alichota udongo wa pale kwa mkono wake, akaukuta mweusi na laini, akaacha kumcheka.

Vipande vitano Mwantumu aliviacha bila kuguswa tangu Juni, viwe chakula cha Oktoba na Novemba, wakati kila mahali kumekauka. Ndivyo vilivyoungua, vyote vitano.

Jioni ile Seleman alikwenda kumpa pole dada yake. Alikusudia kusema. Alimkuta amesimama ukingoni mwa majivu, ng'ombe nyuma yake, akampa pole tu.

"Watakuwa wawinda panya, wanaochoma nyasi kuwatoa mashimoni," Mwantumu alisema.

"Huenda," alijibu Seleman.

Kuanzia kesho yake alikwenda kila siku kumsaidia kukata majani bondeni, akiyabeba kichwani mzigo kwa mzigo. Mwantumu alimshukuru kila mara. Shukrani zile zilimkosesha usingizi.

Siku ya tisa mwenyekiti wa kijiji aliita watu. Kulikuwa na mzee mmoja, Rashidy, mwinda panya, aliyeonekana karibu na malisho mchana ule. Alisimama mbele ya watu ameshika kofia yake kwa mikono miwili.

"Mimi panya nawachimba kwa jembe," alisema kwa sauti ndogo. "Moto siutumii."

"Ulikuwa na kiberiti mfukoni, Mzee Rashidy," alisema mwenyekiti.

"Cha sigara."

Watu waliguna. Mwenyekiti alisema basi suala hilo liende polisi. Seleman alimtazama yule mzee akiizungusha kofia mikononi. Akasimama.

"Mwacheni," alisema. "Moto ni wangu. Nilikuwa nachoma majani chini ya mikorosho, ukanishinda."

Rashidy alivaa kofia yake, akatoka bila kumtazama mtu.

Mwantumu alimsubiri kaka yake njiani. Hakupandisha sauti.

"Siku tisa, kaka. Unakuja kwangu, unabeba majani, nakupa maji ya kunywa. Na ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Moto wenyewe ningekusamehe siku ileile."

Akaenda zake.

Nusu ya shamba la Seleman ilikuwa bado haijafyekwa, na nyasi zilikuwa zimesimama. Lakini korosho zilikuwa zinaanguka, na ng'ombe akiingia hapo anakula mabibo pamoja na korosho zenyewe. Mtu mwenye akili hafungulii ng'ombe shamba wakati wa mavuno. Seleman alilifungua. Kila siku alfajiri aliokota kila kilichoanguka katika mstari mmoja wa miti, akafunga kamba mwanzo na mwisho, kisha akamwita Mwantumu alete ng'ombe. Kesho yake alihamia mstari unaofuata. Walifanya kazi bega kwa bega, wakizungumza habari za kamba na maji tu.

Nyasi hazikuwatosha wote. Ng'ombe mkubwa, Kijivu, alikuwa na mimba ya miezi saba na alishakonda mno. Asubuhi moja walimkuta amelala chini ya mkorosho, amekwisha kufa, na kwa kuwa hakuchinjwa nyama yake haikufaa kuliwa. Seleman alichimba shimo peke yake kutwa nzima. Mwantumu alikaa pembeni akimshika ng'ombe sikio, na Seleman aliposhuka shimoni, alisikia dada yake analia.

Mvua zilianza Desemba. Vile vipande vitano vilichipua haraka, majani mateketeke yaking'aa juu ya udongo mweusi, na ng'ombe sita waliobaki walinyoosha shingo juu ya kamba.

"Tuwaingize?" Seleman aliuliza.

"Bado. Mizizi haijapata nguvu. Mpaka nyasi zifike magotini."

Seleman alikutana na Rashidy mara mbili njiani mwezi ule, akamwamkia. Mara zote mbili mzee alipita bila kuitika.

Siku moja ng'ombe mmoja alikata kamba na kuingia kwenye machipukizi. Seleman alimkimbilia, akamrudisha kwa kumsukuma begani. Mwantumu alikuwa ameshafika na kamba mpya.

"Shika upande huo, kaka," alisema. "Uvute ikaze."

Akashika, akavuta.